Drili Niliyoivalisha Sanduku la Mwenzake

Ngoja niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Kibaigwa, maana wale wakisimulia wanaongeza chumvi, na jambo lenyewe lilivyo halihitaji chumvi. Nina aibu nalo mpaka leo. Lori la mahindi likipita hapa mjini Dodoma, upepo ukaniletea ile harufu ya magunia, masikio yangu yanapata moto, nainama chini najifanya natafuta msumari. Fundi mzima, mtu wa miaka thelathini na miwili, natafuta msumari ambao haujaanguka.

Kwanza mnielewe mimi ni mtu wa namna gani. Mimi naota mchana. Si usingizi, hapana, macho yako wazi na randa iko mkononi, ila naweza kuanza kupiga ubao asubuhi, maranda yakawa yanajikunja yanatoka mekundu na mepesi, jua linapita katikati yake, basi na mimi napita humohumo, nakwenda zangu, najiona nina karakana kubwa yenye bati jipya, mafundi kumi, kibao cha jina langu nje, mtu ananiita “Bosi” na mimi siitiki mpaka aite mara ya pili. Nikirudi nakuta ubao umekuwa mwembamba kama biskuti na bosi wangu wa kweli (ndiyo, nina bosi, tutafika huko) amesimama ananitazama bila kusema kitu. Mtu mwema yule. Mwingine angeshanifukuza.

Ndivyo nilivyokuwa siku Loyce alipokuja na kiti. Loyce ni mwalimu wa shule ya msingi, na kiti chake cha darasani kilikuwa kimevunjika mguu, amekibeba mwenyewe kichwani kutoka shuleni, ametoka jasho, vumbi limemkaa kwenye nyusi. Bosi hakuwepo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake, kwa bahati mbaya nimevaa hata koti lake kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Akauliza, “Wewe ndiye mwenye karakana?” Sasa mimi wakati huo nilikuwa nimeshaondoka, niko kule kwenye bati jipya na mafundi kumi, na huko kwa kweli mwenye karakana ni mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Sikusema neno hata moja. Mwaka mzima baadaye (tukikutana kanisani, karakanani simkaribishi) tulikuwa tumekwishapendana, posa imepelekwa na imepokelewa, na kile kichwa nilichotikisa nilikuwa bado sijakirudisha.

Sasa baba yake, Mzee Ndahani, ni dalali wa mahindi pale Kibaigwa. Mnajua madalali wa soko lile. Mtu ana bambo lake mfukoni, kile chuma chenye tundu, anachoma gunia pembeni, punje zinamwagika kiganjani, anazitazama mara moja tu na anakwambia mahindi haya yalinyeshewa, haya yamechanganywa na ya mwaka juzi, haya ni safi juu lakini chini mmeweka mabovu. Mtu wa kazi hiyo ndiye aliyemtumia mjomba wangu Stefano, mshenga wangu, ujumbe kwamba kabla hatujakaa kuongea mahari angependa kijana aje atundike mlango wa ghala la nyumbani kwake. Zamani, akasema, mchumba alipelekwa shambani kwa wakwe akalime, watu waone mgongo wake una nini. Siku hizi vijana hawana majembe. Basi huyu ni fundi, na aje na ufundi wake, Jumamosi, wazee wakiwepo.

Mlango niliutengeneza vizuri. Hilo hata maadui zangu wanakubali. Mninga mkavu, nimeupiga randa jioni baada ya kazi za bosi (na kwa ruhusa yake), mpaka ukawa unang'aa kama mtu aliyepakwa mafuta. Kilichobaki kilikuwa kuutundika: bawaba tatu, kitasa kimoja, basi. Lakini ghala halina umeme, na Mzee alikuwa ameshapigilia fremu yake mwenyewe, fremu ya mkongo, mti ambao ukiupiga msumari ndio msumari unaopinda. Kwa hiyo nilihitaji drili ya betri, nami nilikuwa na akiba ya kununua.

Nikaenda kwa Bi Zaitun. Huyu ni mama wa mjini hapahapa, babu yake mzaa baba alikuja na misafara ya wafanyabiashara zamani hizo akapapenda akabaki, na duka la vifaa aliachiwa na baba yake. Ana miwani inayoning'inia kwenye uzi na maneno machache. Akaniwekea drili mbili juu ya meza. Moja ilikuwa orijino, kampuni kubwa (jina silitaji, hawajanilipa), nzito, inakaa mkononi kama imezaliwa humo. Ya pili ilikuwa ile ya bei rahisi, nyepesi, rangi ya machungwa, ukiitikisa unasikia kitu ndani kinatembea.

“Fremu ya mti gani?” akauliza.

“Mkongo.”

“Basi hii rahisi iache,” akasema, akaivuta upande wake. “Siyo mbaya. Ni ya kutundikia pazia na picha. Kama orijino huiwezi, chukua keekee ya mkono na kipande cha sabuni, upake skrubu sabuni ziingie. Baba yangu alijengea nyumba nzima hivyo.”

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipopotea. Orijino niliiweza. Pesa ilikuwa mfukoni. Lakini nikiinunua hiyo, viatu vipya sinunui, na shati la kitenge lenye nakshi shingoni sishoni, na mimi nilikuwa nakwenda ukweni kama mwenye karakana. Na keekee ya mkono ndiyo kabisa, mwenye karakana gani anazungusha keekee kama babu wa mwaka arobaini na saba. Nikasimama pale dukani, nikaenda safari zangu. Nikajiona nashuka kwenye gari na viatu vinavyong'aa, nafungua sanduku, wazee wanasogea. Katika ile ndoto niliona sanduku vizuri sana. Drili yenyewe sikuiona.

Niliporudi nilikuta macho yangu yako kwenye rafu ya juu, ambako kulikuwa na sanduku tupu la ile orijino, mteja mmoja alichukua mashine akaliacha. Nikamwambia Bi Zaitun nachukua hii rahisi, na kama hana kazi na lile sanduku naliomba. Akanitazama. Akavaa miwani, akanitazama tena.

“Sanduku chukua bure,” akasema. “Sijakuuliza la nini, na wewe usiniambie.”

Jumamosi tukaondoka mapema, mimi na Mjomba Stefano, kwenye pikapu ya rafiki yake, mlango umelazwa nyuma umefunikwa mablanketi kama mgonjwa. Asubuhi ile ilikuwa nzuri mno, nawaambia ukweli. Ni ule mwezi wa baridi mahindi yameshavunwa, mashamba yamebaki mabua tu, nyasi zimekuwa rangi ya mkate, na vilima vya mawe vinakaa mbali vikiwa vya bluu kana kwamba havijaamka. Nililiweka sanduku magotini njia nzima. Mjomba akaniuliza ndani mna nini. Nikasema drili. Akasoma maandishi ya nje, akapiga mluzi. Mngekuwa nyinyi mngemwambia. Mimi nikatazama vilima.

Basi tumefika, kabla sijamaliza kuamkia wazee waliokaa chini ya turubai, mjomba ameshaanza. “Mbukwenyi,” akawasalimu kwa Kigogo, wakaitika, na kwa pumzi ileile akawaambia kijana wao kaja na mashine orijino, si mchezo, wenye karakana zao ndivyo walivyo. Madalali wenzake Mzee Ndahani, kama watano hivi, wakainuka kwenye viti. Watu wale wanapenda kugusa kitu. Sanduku likafunguliwa, na ndani ya sanduku la kijivu na jeusi ikaonekana drili ya rangi ya machungwa, imelala upandeupande kwa sababu shimo la sanduku halikuwa la umbo lake. Mzee mmoja akasema mbona nje na ndani havifanani. Nikasema hili ni toleo jipya. Sijui lilitoka wapi neno hilo. Mzee Ndahani akanionyesha ghala kule nyuma ya nyumba: “Kazi yako ile pale.”

Hapa niwaeleze jambo moja, kwa ajili ya wale ambao kwenu hamna. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuogopwa kwa heshima. Unamwamkia kwa mbali, macho chini. Huli mbele yake, humpiti karibu mkagusana nguo, na mahali pembamba mkikutana mmoja anarudi nyuma. Yeye naye anakukwepa hivyohivyo, ndiyo adabu. Kwa hiyo sikushangaa kwamba Mama Loyce hakuwepo pale tulipopokelewa. Nilijua yuko jikoni, atajitokeza kwa wakati wake, kwa mbali.

Nikaletewa chai na viazi. Loyce mwenyewe alileta, amevaa gauni jipya, akaniambia kwa sauti ya chini nile kwanza, kazi haikimbii. Nikakataa chai. Nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye turubai, kwamba mimi nikianza kazi sinywi hata maji mpaka niimalize. Naomba mlikumbuke hili la chai, kwa sababu lingeniokoa.

Bawaba ya kwanza ilikwenda vizuri. Madalali wamenizunguka, drili inalia, unga wa mti unatoka, nikajisikia mtu. Bawaba ya pili sauti ikabadilika ikawa ya mbuzi mwenye mafua. Ikaanza harufu, ile ya waya unaoungua, na skrubu zikawa zinaingia nusu halafu ncha inazunguka bure juu ya kichwa cha skrubu mpaka kinalika kinakuwa laini kama kifungo. Ya tatu sitaki kuizungumzia. Mzee mmoja akasema ananusa moshi. Nikasema ni kawaida kwa mashine yenye nguvu. Ila nikaona nikiendelea vile mbele yao nitaumbuka, ndipo nikatoa tangazo kwamba sasa inakuja kazi ya kitasa, kazi ya ndani, inayotaka utulivu, wazee wakapumzike nitawaita. Wakaondoka. Nikaingia ghalani, nikaufunga mlango ili wasione wala kusikia.

Ndani kulikuwa kuzuri. Sijui niseme vipi. Magunia yamepangwa mpaka juu, kuna harufu ya mahindi makavu na karanga na udongo baridi, na kwenye yale matundu ya hewa mwanga unaingia kwa mistari, vumbi la unga linaelea ndani yake polepole, linapanda, linashuka, halina haraka na mtu. Nikaishika drili nikaanza kuibembeleza. Mimi nina tabia ya kuongea na vifaa nikiwa peke yangu (mafundi wengi tunayo, wanaokataa waongo). Nikaiambia, “Nisaidie leo tu, mama. Najua sanduku si lako. Nimewaambia karakana ni yangu, na wewe unajua ni ya bosi, mimi ni kibarua tu pale. Wakijua leo nimekwisha. Toboa haya matundu manne ya kitasa, halafu ufe salama.”

Nikaweka ncha ya kutobolea kwenye alama, nikabonyeza. Ikaanza kuzunguka taratibu, na mimi nikawa natazama vumbi lile kwenye mwanga. Nikaondoka. Nilikwenda mbali safari ile, nilifika mpaka siku ya harusi, nikamwona Loyce anaingia kanisani na mwanga uleule wa mistari unampitia usoni, nikawa namsubiri pale mbele, na kidole changu bado kimebonyeza. Niliporudi, ncha ilikuwa imekwenda kimshazari, imetoboa mlango wote upande wa pili, imeingia kwenye fremu ya mkongo mpaka mwisho. Nikaivuta, haitoki. Nikageuza swichi izunguke kinyume, ikatoa mlio mmoja mdogo ikazima, betri kwisha. Nikavuta kwa nguvu zote. Ncha ikakatika, nikabaki na mashine mkononi, na mlango umeshonwa kwenye fremu. Nikasukuma, nikavuta, nikajaribu kufungua bawaba, skrubu zote zimelika vichwa. Nilikuwa nimejifungia mwenyewe kwa ufundi wangu mwenyewe.

Ndipo nikasikia kikohozi, nyuma ya magunia. Kilikuwa kikohozi kidogo, cha mtu aliyekizuia muda mrefu mpaka kikamshinda.

“Gunia,” sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema, “mwambie huyo kijana asigeuke.”

Nikaweka paji la uso kwenye mlango nikafumba na macho kabisa. Alikuwa Mama Loyce. Alikuwa ameingia kuchota karanga za mboga wakati sisi tunaamkiana mbele, akasikia nyayo za mkwewe zinakuja, na mlango ule mmoja tu ndio mimi nimeuziba na vifaa vyangu. Kunipita karibu haiwezekani. Kuniita nimpishe, aliona haya. Akakaa kimya nyuma ya magunia na bakuli lake, akingoja niende kunywa chai ili atoke.

“Gunia,” akasema tena, “kijana gani anakataa chai ukweni?”

Adabu haikumruhusu kunisemesha moja kwa moja, akalituma gunia, nami sikujua gunia linajibiwa vipi. Nikasema, “Gunia, mwambie Mama shikamoo. Mwambie anisamehe.”

Kule nje kwa mbali walikuwa wanacheka, nasikia sauti ya Mjomba Stefano juu ya zote. Nikaomba Mungu apasue ardhi ya Kibaigwa animeze, na mlango nao ukinifuata sawa.

“Gunia, muulize. Hiyo karakana si yake?”

“Gunia, mwambie Mama si yangu. Nimeajiriwa.”

“Na mwanangu anajua?”

“Hajui.”

Nikasikia karanga zinamwagika kidogo kidogo kwenye bakuli, kama anazichota na kuzirudisha. Kisha akaongea, na sauti haikuwa ya hasira, ingekuwa ya hasira ningeivumilia.

“Gunia, mwambie hivi. Mimi nilipoolewa niliambiwa mwanaume ana ng'ombe. Nikafika, nikakuta ng'ombe ni wa kaka yake. Umaskini sikuuchukia, nilitoka kwenye umaskini. Nilichochukia ni kwamba kila mtu alijua isipokuwa mimi. Mwambie jua lisizame leo mwanangu hajasikia. Na asisikie kwangu, asikie kwake.” Akakung'uta bakuli. “Sasa mwambie aite watu. Aibu haipungui kwa kukaa kimya.”

Nikaita. Wa kwanza kufika alikuwa mjomba, nikamwambia mlango umekwama, na, kwa sauti ndogo kabisa, kwamba siko peke yangu. Akauliza uko na nani. Nikasema. Huko nje kukawa kimya namna ambayo sijawahi kuisikia Kibaigwa, mji wa malori. Wakaja wanaume watatu wakasukuma, na kadiri walivyosukuma ndivyo ile ncha ya mshazari ilivyobana. Wakataka kuuvunja mlango kwa shoka, ukakataa (niliwaambia niliutengeneza vizuri). Mwisho Mzee Ndahani akasema chimbeni fremu. Wakachukua sururu wakabomoa matofali kuizunguka, vumbi likatuingia mpaka kwenye meno, na sisi wawili ndani tumepeana migongo, mimi na ukuta wangu, yeye na magunia yake. Baadaye fremu nzima na mlango vikaangukia nje kwa kishindo, bado vimeshikana kama mapacha.

Nikatoka mimi, shati la kitenge limekuwa jeupe, viatu vipya huvijui rangi. Nyuma yangu, baada ya hatua zake kumi za adabu, akatoka Mama Loyce amejifunika khanga kichwani, ameshika bakuli la karanga. Wazee, wamama wa jikoni, majirani, wote wamesimama. Bibi mmoja, nadhani ni kwa kuchanganyikiwa, akapiga kigelegele. Hapo watu wakaanguka kwa kicheko, wengine wakakaa chini kabisa.

Mzee Ndahani hakucheka. Aliokota drili kwenye vumbi, akaigeuzageuza, akaitikisa, akasikiliza kile kitu kinachotembea ndani.

“Hii ndiyo orijino?”

Mjomba alifungua mdomo. Nikamtangulia. “Hapana, Mzee. La orijino ni sanduku.”

Mjomba Stefano akatafuta kiti. Mzee akaniangalia, akasema taratibu, “Magunia nayachoma kabla sijanunua. Watu ndio sijui niwachome wapi.” Akanitoza mbuzi mmoja wa kufuta aibu ya mkewe, kikao cha mahari kikaahirishwa mpaka jioni, watu wakaenda kula. Mimi sikula.

Jua lilikuwa limeshuka, limebaki kama kiganja juu ya mashamba, nikamwomba Loyce tuongee pembeni ya tangi la maji. Alikuwa amecheka mchana pamoja na wengine, na bado kulikuwa na mabaki ya kicheko usoni. Alidhani naomba radhi ya drili. Nikamwambia karakana si yangu, haijawahi kuwa yangu hata siku moja, na koti lile halikuwa langu. Nikaona kicheko kinaondoka, taratibu, kama maji yanavyoingia mchangani.

“Ungesema hapana siku ile,” akaniuliza, “ulidhani nitachukua kiti changu niende?”

Nikainama nikafuta vumbi la viatu vyangu kwa kidole.

“Walimu wenzangu nimewaambia. Baba nimemwambia. Kanisani nimesema. Umenifanya niwadanganye watu wote hao kwa mdomo wangu mwenyewe, na mimi ndiye nisiyejua.” Alikuwa halii. Akatazama mashamba. “Mwambie mjomba wako mahari isubiri mavuno mengine. Sijui bado kama itakuwepo. Nataka kuona nilikuwa napendana na nani.”

Nililia pale kwenye tangi, nasema wazi, si kwa sababu ya watu kucheka. Kucheka unazoea. Kesho yake Jumapili nikabaki, na Jumatatu, na Jumanne, mlango wa wakwe nikautundika upya kwa keekee ya mkono niliyoazima sokoni na kipande cha sabuni, mbele ya kila mtu aliyetaka kutazama, na walikuwa wengi, wengine walikuja na viti. Chai nilikunywa kila ilipoletwa. Fremu nikairudishia kwa saruji, matofali nikayapanga mwenyewe. Pale sokoni nikabatizwa jina, Fundi Sanduku, na mpaka sasa mpakia mizigo nisiyemjua ananiita hivyo kutoka juu ya lori nami naitika.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Kila mwisho wa mwezi Loyce akienda kwao Kibaigwa nami nilikwenda, nikiulizwa kazi inaendaje nasema inavyokwenda. Mwezi huu bosi ana kazi ya madawati. Mwezi huu hakuna kitu, tumeshinda tunanoa patasi. Mwezi huu niliota nikaharibu ubao, umekatwa kwenye ujira wangu. Loyce alinisikiliza, mara nyingine akacheka, mara nyingine akaingia ndani bila kuaga, nikarudi Dodoma nikiwa sijui. Ni adhabu ngumu, kusema kitu kilivyo kwa mtu unayetaka akuone mkubwa. Nimeapa, na naapa tena mbele yenu: sinunui tena kifaa kwa ajili ya macho ya watu. Rahisi kikitosha nachukua rahisi na nakibeba mkononi kikiwa uchi. Kazi ikitaka cha bei, na nisipokiweza, naiacha kazi, hata kama ni ya kusifiwa.

Mavuno yakaja. Wazee wakakaa tena, Mjomba Stefano safari hii amepewa onyo asisifu kitu. Mzee Ndahani akaniuliza mbele ya wote, nina nini. Nikasema nina afya, nina mikono, nina bosi mwema, na chumba kimoja cha kupanga chenye dirisha linalotazama mashariki. Akatikisa kichwa kukubali, akaagiza binti aitwe. Loyce akaja amefunikwa khanga, akasimamishwa katikati, na Mzee akamuuliza kama desturi inavyotaka, “Mwanangu, huyu mtu aliyekaa pale unamjua?”

Watu huwa wanajibu hapohapo, ni swali la kujibiwa haraka ili vigelegele vipigwe. Yeye alichukua muda wake. Aliinua khanga kidogo akanitazama, nami nikawa namtazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikwenda popote.

“Sasa namjua,” akasema.